Mwalimu Bernadina Akonaay na Vipindi Vilivyopotea

Baba Paroko, viongozi wa serikali na wa chuo, ndugu, majirani wa Maretadu na wote mliosafiri kuja kumzika: wakubwa zangu shikamooni, wengine nawasalimu. Mimi ni Judith Akonaay, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ule wasifu uliochapwa kwenye ratiba mliyoshika niliuandika mimi, na hauna uongo. Kamati ya mazishi iliupitia ikakata kila mahali ambapo marehemu alikasirika, na ukimkata dada yangu hapo zinabaki tarehe tu. Kwa hiyo leo asubuhi, basi la chuo lilipofika, nilikaa jikoni nikaandika mwingine kwa mkono. Huu ndio nitakaousoma. Anayetaka ule mfupi anao tayari.

Nitausoma haraka, na sababu yake mnaiona. Kushoto kwangu, nyuma ya kwaya ya parokia, wamesimama wanafunzi ishirini na watatu wa ushonaji, mwaka wa pili, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Wameletwa kuimba. Leo ni Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, na saa nane mchana wa leo hii wanafunzi hawa wana mtihani wao wa mwisho wa vitendo. Chuo chenyewe kiko upande wa Hanang, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi kama barabara ni kavu. Jina lake sitalitaja, limeandikwa ubavuni mwa basi. Kwa ratiba ya kamati, ninaposoma hapa ni saa nne na nusu. Jambo hili nitalifikia.

Bernadina alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba iliyokuwa pale penye zizi la sasa, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Akonaay na Mama Agatha. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Tangu utoto hakuvumilia kitu kilichopinda. Alipokuwa na miaka saba aliona mkono mmoja wa shati la Jumapili la baba umeshonwa vibaya, akaufumua wote kwa mwiba, akiwa na nia ya kuushona upya. Sindano hakuwa nayo wala uzi. Baba alienda kanisani na koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, jua linawaka, jasho linamtiririka kwenye kitabu cha nyimbo. Aliporudi hakumchapa. Alimwambia, "Ukifumua, uwe na uzi." Dada alilirudia neno hilo kwa wanafunzi wake miaka arobaini.

Alisoma shule ya msingi hapa Maretadu kuanzia 1970 hadi 1976. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Katika darasa lao lote walichaguliwa wawili. Miaka mitatu baadaye nilichaguliwa mimi, na baba alichinja mbuzi. Kwa wale wasiochaguliwa kulikuwa na neno moja tu hapa kwetu, na bado lipo: waliofeli. Chuo cha wananchi kilipofunguliwa, watu wakakiita chuo cha waliofeli, wakalimaliza jambo hapo. Bernadina alijiunga nacho Januari 1979 kusomea ushonaji. Mimi nikiwa bweni kwenye sekondari yangu, wenzangu wakiniuliza dada yako yuko wapi, nilikuwa nasema yupo nyumbani anamsaidia mama. Niliona aibu ya chuo chake. Nikilikumbuka hilo najichukia, na nimelisema hapa ili msidhani kwamba katika nitakayoyasema mbele nimejitoa mimi.

Siku yake ya kwanza pale chuoni alirudishwa getini. Barua ya kujiunga ilidai jembe, ndoo, godoro na fyekeo la kufyekea majani. Baba alikuwa amempa panga badala ya fyekeo, akiamini panga linafyeka vizuri zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kushika vyote viwili anajua baba alikuwa sahihi. Walimwambia panga siyo fyekeo. Akapanda lori la mahindi, akarudi nyumbani, akangoja wiki nzima mhunzi amfulie fyekeo, akarudi tena. Akawakuta wenzake wameshajifunza kupima na kukata sketi. Alikuwa akisema alitumia mwaka mzima kuitafuta wiki hiyo, na ipo sehemu ya sketi ambayo hakuielewa mpaka alipokuwa mwalimu.

Alihitimu Novemba 1980 akiwa wa kwanza katika fani yake, akapelekwa mafunzo ya ualimu wa ufundi, na tarehe 1 Julai 1983 akaajiriwa kuwa mkufunzi wa ushonaji katika chuo kile kile kilichomrudisha getini. Kazi ya kwanza aliyoifanya, kabla hata ya kugusa cherehani, ilikuwa kununua fyekeo moja na ndoo moja ya manjano. Siku ya kupokea wanafunzi wapya alisimama nje ya uzio, nyuma ya choo cha walimu. Mwanafunzi aliyekosa kifaa alipewa, akapita nacho getini, akaandikwa, akaenda bwenini, kisha kifaa kikarudi kwa mwalimu kupitia tundu la uzio na kumngoja mwingine. Mlinzi wa geti wakati huo, Mzee Emanuel, ambaye yupo hapa leo na amekaa pale kwenye benchi, alimfuata jioni ya siku hiyo.

"Mwalimu," akasema, "ile ndoo yenye alama ya moto chini imeingia mara kumi na nane."

"Na imetoka mara ngapi?"

"Kutoka sijaiona."

"Basi andika ndoo kumi na nane."

Mzee Emanuel akaandika kumi na nane, na aliendelea kuandika hivyo kila mwaka mpaka alipostaafu. Hakuna chuo katika mkoa huu kilichokuwa na ndoo nyingi kuliko chetu kwenye karatasi.

Tarehe 7 Juni 1986 alifunga ndoa hapa parokiani na Abel Bura, fundi mwashi, mtu mpole ambaye hakuwahi kumshinda kwa maneno na hakujaribu. Walijaliwa watoto wawili, Renatus na Agatha. Shemeji Abel ndiye aliyemjengea rafu za vitambaa darasani bila kuombwa na mtu yeyote wa ofisini. Alifariki mwaka 2009. Dada alivaa nguo za msiba siku arobaini, akafundisha zote isipokuwa tatu. Hizo tatu alizilipa kwa kufundisha Jumamosi.

Mwaka 1991 alipewa pia ulezi wa wasichana. Mwaka 1996 alimrudisha darasani msichana aliyekuwa amejifungua, akamlaza mtoto kwenye boksi la vitambaa chini ya meza ya kukatia. Uongozi wa wakati ule ukamwandikia barua ya onyo, kwamba mtoto anapiga kelele. Akajibu kwa maandishi kwamba mtoto huyo hajafikia kelele za kikao cha walimu. Wakaja wengine, maboksi yakawa matatu, halafu sita. Leo kalenda ya chuo ina picha ya mtoto kwenye boksi chini ya meza ile, na chini yake pameandikwa kwamba chuo kinawajali akina mama wadogo. Ile barua ya onyo ninayo nyumbani. Kalenda pia ninayo.

Sasa nifike kwenye daftari. Ndugu zangu, wengi wenu mna watoto waliopita vyuo hivi na mlipowaona wanarudi na cheti hafifu mlisema vichwa vyao vigumu. Dada yangu hakukubali. Aliona kwamba mtoto anayetoka Haydom au Dongobesh kuja kujifunza kazi ya mikono, akifika, mikono yake inatumiwa kwa mambo mengine. Mgeni akija, wanafunzi wanatolewa darasani kuimba. Mwalimu akioa, wanabeba viti. Mvua zikinyesha, wanapalilia shamba la mkubwa. Kwa hiyo alinunua daftari la kurasa mia mbili, na kuanzia mwaka 2004 kila kipindi kilichopotea alikiandika na sababu yake. Ninalo hapa. Nasoma wiki mbili tu za mwaka 2018.

"Jumanne, vipindi vitatu, kubeba viti vya harusi. Alhamisi, siku nzima, kupalilia maharage ya mkuu. Ijumaa, vipindi viwili, mazoezi ya ngonjera. Jumatatu, siku nzima, ngonjera yenyewe. Mgeni hakuja. Jumatano, vipindi vinne, wasichana kupikia kikao. Alhamisi, kipindi kimoja, kuosha vyombo vya kikao."

Hakuandika neno lolote la hasira humo. Kurasa zote ziko hivyo, kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka kama alivyokuwa akitaka mishono inyooke. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na tatu, na watoto wangu mwenyewe darasani niliwatuma kuni, maji na kufagia uwanja kwa ajili ya wageni, na sikuandika hata mara moja.

Machi 2019 kilikaliwa kikao cha walimu kujadili kwa nini wanafunzi wa ushonaji wameanguka mtihani. Mwalimu Wolfgang wa useremala, ambaye yupo hapa, alikuwepo na amenihakikishia maneno. Walimu walisema wanaletewa waliofeli, watarajie nini. Dada akasimama, akafungua daftari, akasoma jumla ya mwaka uliopita: siku sitini na moja. Mkuu wa chuo, ambaye ndiye mkuu hadi leo na amekaa safu ya mbele, akasema, "Mwalimu, hizo siyo siku zilizopotea. Hizo ni stadi za maisha."

Dada akamuuliza, "Kupalilia maharage yako ni stadi ya maisha ya nani?"

Mei Mosi ya mwaka huo akapewa cheti cha mfanyakazi bora. Juni akaondolewa darasani na kupelekwa stoo kuhesabu majembe. Naomba mlielewe vizuri jambo hilo: walimpa cheti kwanza, ili akilalamika aonekane hana shukrani. Mimi nimeona mengi katika utumishi, lakini ujanja wa namna hiyo unanitia kinyaa kuliko matusi. Yeye hakulalamika. Cheti kile kilikuwa cha karatasi ngumu nzuri, kwa hiyo alikikata umbo la kola ya shati na kukitumia kufundishia wanafunzi waliokuwa wanamfuata stoo baada ya saa za kazi. Kipo kwenye begi lake la kazi. Upande mmoja bado unasomeka "kwa kutambua".

Alistaafu mwaka 2021 akiwa na miaka sitini. Sisi huku tukamwandalia chumba, tukapaka na chokaa. Hakuja. Alipanga chumba kimoja jirani na uzio wa chuo, akaweka vyerehani viwili vyake mwenyewe, akaanza kufundisha kila jioni vile vipindi ambavyo wanafunzi walikuwa wamekosa asubuhi. Wanafunzi ndio walimletea habari, naye akaendelea kuandika kwenye daftari akiwa nje ya chuo. Akisikia mtu ameacha masomo, alipanda basi akamfuate kwao, Nangwa, Haydom, popote. Hakutumia neno mtoro. Alikuwa anasema huyo hajakimbia, amefukuzwa taratibu.

Mmoja aliyemfuata hivyo ni Safina binti Yahaya, wa Katesh. Safina alikuwa wa kwanza darasani mwaka jana, halafu muhula wa pili hakurudi. Baba yake, Mzee Yahaya, ana duka la vitambaa, na alisema kwa haki yake kwamba kama mtoto anaenda chuoni kubeba viti, viti hata dukani vipo. Dada alikwenda Katesh akiwa ameshaanza kuugua. Alimsalimu, akaomba kiti, akakaa mlangoni mwa duka tangu saa tatu asubuhi. Kila mteja aliyeingia kununua kitambaa alimuuliza atashonewa na nani, na mteja akitaja fundi, dada alieleza kwa adabu kosa la fundi huyo. Mzee Yahaya alimletea chai. Akamletea na chapati. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri akamkuta bado yupo.

"Mama Renatus," akasema, "unanifukuzia wateja."

"Nipe mtoto niondoke."

"Watampelekesha tena mashambani."

"Mimi nitamfundisha jioni. Mpe mpaka mtihani wa mwisho, Novemba ya mwakani."

Mzee Yahaya akafikiri, akasema, "Mpaka Novemba. Akishindwa kufanya mtihani, atakaa dukani na sitasikia tena habari ya chuo, na wewe hutakuja kukaa hapa."

Wakakubaliana mbele ya wateja. Mzee Yahaya yupo hapa, amekaa kule nyuma na ndugu wa Katesh, na ninamshukuru kwa kuja. Safina naye yupo. Ni yule wa tatu kutoka mwisho, mwenye mtandio mweupe. Novemba ndiyo hii.

Ugonjwa wa marehemu ulijulikana Februari 2024, saratani ya tumbo. Alitibiwa Haydom, akawa anaingia wodini na kutoka, na katikati ya kuingia na kutoka alirudi kwenye vyerehani vyake. Wauguzi wa pale walimpenda na kumwogopa. Mmoja alifunuliwa pindo lililopinda la gauni lake la kazi na mgonjwa huyu mwenye dripu mkononi, akaambiwa alivue usiku alilete lishonwe. Alileta, na lilishonwa.

Agosti mwaka huu, alipolazwa mara ya mwisho, mkuu wa chuo alileta basi zima la wanafunzi kumwimbia. Walisimama kwenye nyasi nje ya dirisha la wodi na kuimba nyimbo nne. Palikuwa na mpiga picha. Dada alimpungia mkono kila mmoja akimwita kwa jina, maana aliwapenda. Walipoondoka aligeukia ukutani. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Leo siku gani?" akaniuliza.

"Jumatano."

"Jumatano ni kukata kola. Andika, Judith. Siku nzima, kuimbia mgonjwa."

Nikaandika. Ndio mwandiko wangu mnaouona mwisho wa daftari. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Nikifa, wasiletwe siku ya kazi. Waje Jumamosi waone kaburi, wakitaka. Siku ya kazi wasome." Niliahidi. Renatus na Agatha walikuwepo, wakaahidi pia.

Alifariki Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na nne. Alikuwa amepokea sakramenti. Hakusumbuka mwishoni, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Jumapili kamati ikakaa. Sisi familia tukasema azikwe Alhamisi, kwa sababu Jumatano wanafunzi wana mtihani na marehemu aliacha neno. Tukaambiwa Alhamisi haiwezekani, mgeni wa heshima kutoka wilayani ana kikao. Tukasema basi Jumanne. Jumanne mkuu wa chuo alikuwa safarini. Kwa hiyo mazishi ya dada yangu yalipangwa kwa kufuata nafasi za watu wawili ambao mmoja hakumjua na mwingine alimpeleka stoo. Na mimi nilifanya nini? Nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka, kikao kilikuwa kirefu, na nilijiambia kwamba Jumatano wanafunzi watabaki kwenye mtihani wao, sisi tutamzika wenyewe. Kamati ilisema wanafunzi hawatakuja. Imeandikwa kwenye muhtasari.

Leo saa mbili asubuhi basi likaingia. Nilikuwa napepeta mchele, nikafikiri ni ndugu wa Dongobesh. Walishuka ishirini na watatu, mmoja mmoja, macho yamevimba kwa kuamshwa saa kumi alfajiri. Nilimfuata mkuu wa chuo. Aliniamkia vizuri, nikaitikia. Nikamuuliza mtihani umehamishwa lini.

"Haujahamishwa, mama, lakini msiba ni msiba. Watahini wataelewa."

"Umewaambia?"

"Wakifika wataambiwa."

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa letu, la watu wa huku. Tunaamini kila mtu duniani anasimamisha kazi mtu akifa, kwa sababu sisi tunasimamisha, na ni jambo zuri kwa jirani na jirani. Watahini siyo majirani. Mwalimu Wolfgang alipiga simu chuoni mbele yangu. Watahini wameshafika tangu jana, wamelala Katesh, na saa tatu asubuhi walikuwa darasani wanahesabu vyerehani. Amewauliza kama wanaweza kungoja mpaka kesho. Kesho wanatakiwa chuo kingine, wilaya nyingine. Walisema kwa heshima na pole nyingi kwamba asiyekuwepo saa nane leo ataandikwa hakufika, na atafanya Novemba ya mwakani.

Nikarudi kwa mkuu wa chuo nikamweleza. Akasema tumalize kwanza ibada, wanafunzi waimbe wimbo wao baada ya salamu za mgeni, halafu tutaona. Nikatazama ratiba. Wimbo wao ni saa saba kasoro robo. Nikamwambia saa saba kasoro robo watakuwa wamechelewa tayari. Akasema, "Mama, wamefanya mazoezi wiki nzima."

Wiki nzima. Dada hajatimiza wiki tangu afariki. Walianza mazoezi ya wimbo wa mazishi akiwa hai, kwenye vipindi vya kukata na kushona, wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Nimewauliza wanafunzi wenyewe, wakainamisha vichwa. Wamenitajia siku za wiki iliyopita: Jumatatu vipindi viwili, Jumanne vitatu, Alhamisi asubuhi yote. Nimesimama pale kando ya basi na sikujua niweke wapi mikono yangu. Nimezika wazazi, nimezika shemeji, nimezika mtoto wangu, sijawahi kusikia kinyaa msibani mpaka leo. Wapo watakaosema msiba siyo mahali pa maneno haya. Nimetafuta mahali pengine tangu asubuhi na sikupaona, kwa sababu wenye kuweza kulirekebisha jambo wote wamekaa hapa, na muda unaisha hapa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Renatus na Agatha, wajukuu watano, ndugu watatu, mimi nikiwa mmojawapo, na wanafunzi ambao idadi yao anaijua yeye, walioenea tangu Haydom mpaka Katesh na mbali zaidi, wengi wao wana vyerehani vyao na wanafundisha wengine. Ameacha pia hawa ishirini na watatu, ambao hawajawa mafundi bado. Wanahitaji muda wa saa tatu mezani na mtahini mbele yao, hicho tu, na ndicho tulichowanyang'anya ili mwili wake upate kuimbiwa.

Dereva wa basi nimeongea naye. Yupo tayari, mafuta anayo, ila anasema hawezi kuondoka bila neno la mkuu wake, naye ana haki, ana watoto. Kwa hiyo, mkuu wa chuo, nasimama hapa mpaka useme. Asubuhi uliniamkia shikamoo nikaitikia marahaba. Kwa marahaba hiyo, kama mkubwa wako, nakutuma: nyanyuka, mwambie dereva awashe. Jeneza litangoja. Baba Paroko amekubali kungoja, nimemwomba kabla ya ibada. Mgeni wetu wa heshima naye atangoja, nasi tutamkaribisha chakula.

Wanangu, nyimbo zenu tumezipokea kama mmeimba. Msiage mtu, msipitie jikoni, mtapewa chapati mlangoni mwa basi. Safina, utakaa mbele karibu na dereva, na mkifika wewe ndiye utakayewahi darasani kuwaambia watahini kwamba wenzako wako getini. Pima mara mbili kabla ya kukata. Mzee Yahaya, nakuomba uwape njia hapo nyuma, na yeyote aliyeegesha gari barabarani alisogeze sasa hivi.

Bwana amjalie dada yangu Bernadina pumziko, amestahili. Ninyi ishirini na watatu bado hamjastahili. Pandeni basi.